Damu Haitaki Mwiko

Kijana aliyechinja mbuzi wa sherehe ya Aika alivaa glovu. Zilikuwa zile za hospitali, nyeupe, zenye unga ndani, na alizivuta mpaka juu ya kifundo cha mkono huku wazee wakiwa wamesimama pembeni na mbege yao, ile pombe ya ndizi, na hakuna hata mmoja aliyecheka. Mimi nilitegemea watamcheka. Mimi ni mtu wa kuhamahama. Nimechoma nyama Tunduma, nimeuza mitumba Kahama, nimelinda geti la ghala Mtwara, na kote huko nimeona watu wakichinja kwa mikono mitupu, wakijifuta kwenye majani na kuendelea na mazungumzo. Ni hapa tu, kwenye migomba ya kwetu Kilema, ambapo mtu akishika kisu bila glovu ananyang'anywa. Na damu haikingwi tena. Iliachwa ichuruzike kwenye shimo lililochimbwa asubuhi, ikafukiwa, na shemeji yangu Felista alisimama kando ya shimo lile mpaka koleo la mwisho la udongo lilipomwagwa. Ndipo akageuka, akatengeneza kitenge chake, akaanza kukaribisha wageni.

Aika ni binti yake, mtoto pekee wa kaka yangu Priscus. Amemaliza kidato cha sita, na waliponipigia simu kwamba kuna sherehe sikuuliza maswali, nilifunga begi nikapanda basi. Watu wa kijijini wakitaka kutaja umri wake hawahesabu miaka. Wanasema, "Huyu ni wa ule mwaka ambao hatukula nyama," na kila mtu anaelewa. Mgeni mmoja aliyekaa karibu nami, mkwe wa mtu kutoka Singida, aliuliza ni mwaka gani huo Wachagga wasile nyama. Walimcheka kidogo, kisha wakanitazama mimi. Nilimwambia ni hadithi ndefu. Ni ndefu kweli, na sijawahi kuieleza yote kwa mtu yeyote.

Mwaka ule nilikuwa kijana bado, nimemaliza kidato cha nne bila alama za kuendelea, na nilikuwa nachoma nyama kwenye baa moja Majengo, Moshi mjini. Jiko langu lilikuwa kibanda cha mabati uani, ukuta wake umeganda mafuta mpaka ukigusa kidole kinabaki na alama. Ndani kulikuwa na meza zenye vitambaa vya plastiki vya maua, friji iliyonguruma kama trekta, na juu ya friji redio. Mwenye baa alikuwa mama mmoja mnene, mcheshi, tuliyemwita Mama Dorice. Mvua za vuli zilikuwa zimekataa kukatika. Tulipita Krismasi kwenye matope, Mwaka Mpya kwenye matope, na mlima ukawa kitu cha kusimuliwa tu, kwa maana hatukuuona. Mbu walikuwa wengi hivi kwamba wateja walikaa karibu na jiko langu kwa ajili ya moshi, na hivyo nikawa nasikia kila kitu.

Mwanzo ilikuwa habari ya Kenya. Redio ilisema ng'ombe na mbuzi wanakufa huko kaskazini, watu wanaugua, ugonjwa unaitwa homa ya Bonde la Ufa, unaletwa na virusi, unaenezwa na mbu na mifugo. "Hiyo ni ya kwao," alisema fundi gari mmoja aliyekuwa anakula mbavu kwangu karibu kila siku. Mwalimu aliyekaa naye akamwuliza, "Kwani kirusi kinaonyesha pasipoti pale Namanga?" Watu wakacheka, fundi akaagiza mbavu nyingine kuonyesha kwamba haogopi. Kisha ikawa habari ya Arusha. Kisha mtu akaja akasema kule tambarare, chini ya barabara ya lami, mbuzi wanatupa mimba, na si mmoja wawili, zizi zima. Siku ile fundi gari alikaa mahali pake, akatazama nyama yangu juu ya makaa muda mrefu, akasema, "Aloyce, hivi hamna hata dagaa?"

Serikali ilitangaza. Sitaki kusema haikutangaza, maana siku hizi watu wanapenda kusema hivyo kuhusu kila jambo. Minada ilifungwa, kusafirisha mifugo kukapigwa marufuku, gari lenye kipaza sauti lilipita mitaani likisema tusile nyama isiyo na muhuri, tuchemshe maziwa, tupike nyama mpaka iive kabisa. Tuliambiwa chanjo ya mifugo ipo njiani. Hiyo "ipo njiani" ikawa mzaha wa baa nzima. Mteja akiuliza bia yake iko wapi, mhudumu anajibu, "Ipo njiani, inakuja na chanjo." Bei ya kuku ilipanda, samaki wakaanza kuonekana mezani kwa watu ambao hawajawahi kujua kuchambua miiba, na wauza maharage wakapata heshima. Kulikuwa na waliosema hakuna ugonjwa wowote, ni mbinu ya wakubwa wauze kuku wa kwenye friji. Mama Dorice alinivumilia majuma kadhaa, kisha akaniita uani. "Mwanangu, jiko linawaka linapasha moto hewa. Nenda kwenu kapumzike, homa ikiisha nitakuita." Nilichukua kisu changu na koti, nikapanda Kilema.

Nyumbani nilikuta furaha. Felista alikuwa amejifungua siku chache nyuma, mtoto wa kike, na Priscus alikuwa amempa jina la Aika, ambalo kwa Kichagga ni asante. Kaka yangu alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kucheka kwa pua. Alikuwa na kahawa yake na ng'ombe mmoja wa maziwa, na kijiji kizima kilimjua kwa mikono yake, kwa sababu hakuna ubatizo wala arusi iliyofanyika upande wetu asiitwe kuchinja. Alichinja kwa usafi wa ajabu. Akimaliza, ngozi imetandazwa kama shuka, na kila kipande kimeenda kwa mwenye haki nacho bila mtu kunung'unika.

Nilimkuta ameyachukulia matangazo ya redio kama amri ya Mungu. Maziwa aliyachemsha yakapoa, akayachemsha tena. Alinunua sabuni ya mche, akaitundika kwa kamba karibu na pipa la maji, na kila aliyeingia kumwona mzazi alinawa kwanza, hata padri. Mama yetu, ambaye alikuwa mzima bado wakati ule, alilalamika kwamba nyumba imekuwa zahanati. "Prisi, hata mimi niliyekuzaa ninawe?" Naye akamjibu kwa heshima yote, "Hasa wewe, mae, maana wewe ndiye umeshika kuku." Felista alicheka kule ndani mpaka mtoto akaamka. Mzazi mwenyewe alikuwa amelazwa kwenye chumba cha mbele, chenye dirisha linalotazama ua, kitanda kimejaa mablanketi, chini kuna jungu la makaa kwa ajili ya baridi. Kwetu mzazi hatoki. Analala, ananyonyesha, analishwa, na miezi inapita, mpaka siku anayotoka akiwa amenenepa na watu wanapiga vigelegele. Anakula mtori wa ndizi, anakula nyama, na zaidi ya vyote anapikiwa mlaso, yaani damu inayopikwa na maziwa na samli, ili damu aliyoimwaga kwa kuzaa irudi mwilini. Mke asiyepikiwa mlaso hana mume. Hilo halikuandikwa popote, lakini waulize wanawake.

Hapo ndipo marufuku ilipotuuma. Mjini niliona watu wakikosa mbavu na bia. Huku juu niliona jambo zito zaidi. Uliitishwa mkutano kwenye uwanja wa shule ya msingi. Alikuja mtendaji wa kijiji na bwana afya kutoka wilayani, kijana mwenye shati la mikono mifupi na viatu vilivyokwisha kwa matope ya kwetu. Alieleza vizuri, polepole, kwa Kiswahili cha mbali na mlima. Alipomaliza, bibi mmoja akasimama, fimbo mkononi. "Shikamoo hatukupi, wewe ni mtoto. Nakuuliza hivi: na mzazi je? Mzazi atakula nini?"

"Bibi, atakula kuku."

"Kuku ni chakula cha mgonjwa. Sikukuuliza habari za mgonjwa."

Uwanja mzima ulicheka. Bwana afya naye akacheka, na nadhani kuanzia hapo tukampenda. Mwingine akauliza chanjo iko wapi, watu wote wakajibu kwa pamoja kabla yake, "Njiani!" Kisha Priscus akanyoosha mkono. Alivua kofia kwanza. Aliuliza hivi, nakumbuka kila neno: "Mheshimiwa, kama mtu amepika mpaka ikaiva kabisa, na maziwa yamechemka, na hata damu imechemka, bado kuna shida?" Bwana afya akafikiri. Hakujibu ovyo. Alisema, "Ikichemka mpaka ikaiva kabisa, haina shida. Moto unaua hicho kirusi." Na ilikuwa kweli. Nimekaa na sentensi ile kwenye mabasi ya usiku na vyumba vya kupanga vya miji mingi, nimeigeuza huku na huku nikitafuta uongo ndani yake, sijauona. Aliulizwa habari za sufuria, akajibu habari za sufuria.

Priscus alirudi nyumbani amefurahi. Alikuwa na mbuzi aliyemtunza kwa ajili hiyo hiyo, dume jeupe lenye doa kwenye sikio, lakini lilikuwa chini, kwenye shamba letu la mahindi la tambarare, kwa jamaa aliyetulindia. Kusafirisha mifugo ilikuwa marufuku. Alishuka alfajiri akarudi mchana, akipandisha mbuzi kwa vichochoro vya mifereji na migomba, na katikati ya kijiji akakutana uso kwa uso na mtendaji. Alitusimulia mwenyewe huku akicheka kwa pua. "Mtendaji kaniona, kaona mbuzi, kageuka kuangalia mlima." Mama akauliza, "Mlima gani na ukungu huu?" "Ndiyo hapo sasa, mae. Kaangalia hivyo hivyo." Mtendaji naye mke wake alikuwa amezaa mwaka uliotangulia. Mbuzi alikuwa mzima. Alikula majani ya migomba, macho yake maangavu, pua yake kavu kidogo tu kwa safari. Priscus alimkagua mdomo na kwato kama alivyosikia redioni. Hakuna mtu angemtazama mbuzi yule akasema ni mgonjwa.

Alichinja asubuhi, jua likiwa limetoka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Kwenye dole gumba la mkono wa kulia alikuwa amefunga kitambaa, kwa sababu panga lilimkata siku mbili zilizopita akikata majani ya ng'ombe. Mimi nilishika miguu ya mbuzi. Kabla hajaanza aliingia ndani kumwuliza mzazi kama yuko tayari kula, maana mlaso haungoji, na alipotoka kidole kilikuwa wazi na mikono imelowa maji ya sabuni mpaka kwenye viwiko. Sikuuliza kitambaa kiko wapi. Kisu kikapita, damu ikaingia kwenye besheni la bati, naye akachutama, akaingiza mkono.

Mtu asiyejua atashangaa. Damu ikitoka inaanza kuganda papo hapo, na ili isigande lazima ikorogwe upesi, zile nyuzi zinazoganda zivutwe zitoke. Wapo wanaotumia mwiko au kijiti. Babu yetu alikataa, na Priscus alirithi hilo kwake: damu haitaki mwiko, inataka mkono. Mwiko unaivunja, ikipikwa inakuwa mabonge. Mkono unaichana kama nywele. Na kama ni damu ya kumpikia mzazi, nyumbani kwetu lazima uwe mkono wa baba wa mtoto, si mwingine. Vidole vyake vilizunguka ndani ya besheni, polepole, vinainuka na nyuzi nyekundu zimevizunguka kama nyuzi za kufumia, anazitoa, anazitupa, anarudi. Alikuwa anaimba kitu kwa chini. Alipomaliza, damu ilikuwa laini kama rangi ya kuta, haina punje. Kisha akaipika. Aliipika kuliko ilivyowahi kupikwa Kilema nzima. Mama alisimama mlangoni mwa jiko akisema imetosha, inaungua, na yeye akisema, "Bado, mae. Ichemke. Moto unaua." Akaongeza maziwa yaliyokwisha kuchemshwa mara mbili, akaongeza samli, akabeba bakuli kwa mikono miwili mpaka kitandani. Nilimsikia kupitia ukutani. "Kula yote, mama Aika. Usiache hata kidogo."

Siku chache zikapita za kawaida kabisa. Halafu asubuhi moja, jua linawaka, mlima umejitokeza wote na theluji yake, Priscus alisimama uani akauliza mbona ukungu umeshuka chini hivi leo. Nilidhani anatania. Nilimwambia hakuna ukungu. Akafikicha macho, akasema labda ni moshi wa jikoni. Jioni alikuwa na homa, kichwa kinampasuka, mgongo unauma. Zahanati walisema malaria, na nani angewalaumu, mwaka ule na mbu wale? Alichomwa kwinini. Siku iliyofuata ufizi wake ulikuwa unatoka damu na macho yamekuwa ya njano, tukambeba kwa machela mpaka barabarani, tukapata gari mpaka hospitali ya mjini. Kwenye machela aliuliza mambo mawili tu: kama Felista amekula, na kama maziwa ya jioni yamechemshwa.

Hospitali walijitahidi. Wauguzi walikuwa wachache na glovu zilikuwa chache zaidi. Nilimwona mmoja anazifua na kuzianika dirishani. Damu ya kaka yangu ilichukuliwa ipelekwe mbali kupimwa, kwa sababu karibu hapakuwa na mahali pa kuipima, na ilipokuwa huko njiani, kama ile chanjo, yeye alitengwa kwenye chumba cha mwisho cha wodi. Nilikuwa nasimama kwenye dirisha la nje, kwenye ua lenye majani marefu, naongea naye kupitia wavu. Mara ya mwisho hakunijua kwa macho, alinijua kwa sauti. "Aloyce, Mama Dorice amefungua?" Nikasema bado. "Akifungua, mwambie nyama waiive sana." Kiswahili chake kilikuwa kimeanza kuchanganyika na Kichagga, maneno yanaangukiana. Alifariki mchana, watu wa wodi nyingine wakiwa wanakula.

Tulimzika haraka, jeneza limefungwa kwa misumari, haturuhusiwi kulifungua wala kuligusa bila kitu mkononi. Glovu hazikutosha wabebaji, kwa hiyo wengine walivaa mifuko ya plastiki, ile ya rambo, wameifunga kwa kamba za migomba, na ile mifuko ilikuwa inapiga kelele kwenye upepo muda wote padri akisali. Hakuna mnyama aliyechinjwa. Kwa mtu aliyemchinjia kila mtu katika kijiji kile, hatukuweza kuchinja hata kuku, kwa woga tu. Watu walilishwa makande na chai ya rangi. Mpaka leo wanauita msiba wa maharage. Felista hakufika kaburini. Mzazi hatoki, na hata kama tungevunja mila, wanawake walimzuia kwa jambo lingine: walikuwa wanamwogopa. Jeneza lilipita mbele ya dirisha lake na niliona mkono wake umeshika nondo za dirisha.

Walimwogopa kwa sababu alikula. Kila mtu alijua kuhusu mlaso. Walinong'ona kwamba sasa ni zamu yake, kisha mtoto kupitia maziwa. Kuna aliyeleta kopo la maziwa ya unga akaliacha mlangoni bila kubisha. Mama ndiye aliyebaki anaingia chumbani, na mimi. Felista alikuwa ananyonyesha huku anajitazama mikono, ufizi kwenye kioo kidogo, weupe wa macho, asubuhi, mchana, jioni. Siku moja aliniambia, "Shemeji, naona kama ninangoja basi." Halikuja. Alikaa mzima, mashavu yakajaa, maziwa yakatoka mengi. Ule mlaso ulifanya kazi yake, na hilo ndilo lililomtesa kuliko vyote. Alinenepa wakati anaomboleza, na wanawake waliona.

Bwana afya alirudi pamoja na majibu. Alikuja na pampu ya dawa mgongoni, akapuliza zizi na ua, kisha akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, akaketi mbele ya Mama. Alisema ilikuwa homa ile. Mama akamwuliza kwa nini basi aliyekula ni mzima na aliyepika amekufa. Kijana yule aliinamisha kichwa. "Mama, chakula hakikuwa na tatizo. Moto uliua. Ni damu ikiwa mbichi. Ni mikono, na kama kulikuwa na kidonda..." Hakumaliza. Mama hakupiga kelele. Alisema, "Ulituambia mdomo. Hukutuambia mikono." Naye akajibu, "Ndiyo, mama. Na mimi nilivyoambiwa ilikuwa mdomo." Wiki iliyofuata gari la kipaza sauti lilipanda mpaka kwetu, na tangazo lilikuwa limeongezwa: anayechinja avae glovu, asiguse damu kwa mikono mitupu. Chanjo nayo ikafika, mvua zikiwa zimekatika na mbu wamepungua. Mama Dorice aliniita. Nilirudi, nikawasha jiko, fundi gari akaagiza mbavu, na nilipoingiza mkono kwenye besheni la nyama mbichi nikashindwa kuutoa, nikasimama tu nimeutazama. Mwezi huo niliondoka Moshi. Nyama niliirudia baadaye, miji mingine, mtu anarudia anachokijua. Ila sijakaa popote zaidi ya misimu miwili mitatu, na nikiulizwa kwa nini nasema napenda kusafiri.

Wageni wa Aika walipoondoka tulibaki watatu uani, mimi, yeye na mama yake, sufuria zimerundikana, jua limeegemea migomba. Aika alikuwa anasuuza vyombo. Ana urefu wa baba yake na anacheka kwa pua, na hakuna aliyemfundisha. Alijaza maji kwenye besheni moja la bati akalisukuma mbele yangu. "Baba mdogo, kila mtu ananiambia baba alikuwa anakoroga vizuri kuliko wote. Hakuna anayenionyesha. Alikuwa anafanyaje?"

Nilimtazama Felista. Nikakunja mkono wa shati nikaingiza vidole kwenye maji, nikazungusha, nikainua, nikajifanya navuta nyuzi, nikatupa.

"Sivyo," alisema Felista. Alikuwa amesimama nyuma yetu. "Alikuwa anaanzia pembeni, anakuja katikati. Na alikuwa hainui mkono juu hivyo." Akachutama, akatumbukiza mkono wake wa kulia, na vidole vyake vikaenda sawasawa na vya kaka yangu, taratibu ile ile, nami nikatoa wangu. Nilikuwa nimeamini miaka yote kwamba alikuwa kitandani hakuona. Nilisahau dirisha.

"Aliingia kuniuliza kama niko tayari kula," alisema, macho kwenye maji. "Nikaona kile kitambaa kwenye dole gumba. Kilikuwa kimechafuka kwa majani ya ng'ombe. Nikamwambia, 'Baba Aika, hicho usikitie kwenye chakula changu. Kitoe.' Akakitoa. Akanawa mara mbili. Alipoanza kukoroga akanyanyua kidole kunionyesha dirishani, kwamba ni kisafi."

Mkono wake uliendelea kuzunguka. Aika alisogeza besheni kando. Akavuta kanga begani kwake, akauchukua mkono wa mama yake, akaanza kuukausha, kidole kimoja kimoja, na alipofika kwenye dole gumba akalishika, hakuliachia.